Projekti ya studio ya nyumba za mtaani: anzia kwenye kibaraza, kompyuta baadaye

Kama unasoma usanifu majengo na umepewa ile projekti ya kubuni nyumba za watu wa kawaida mjini pamoja na maeneo yao ya wazi, haya nayaandika kwa ajili yako. Mi nilifanya ya kwangu Tandale hapa Dar, na mwanzo nilikosea vibaya sana, ndo maana naandika kwa urefu, sitaki mwingine apoteze wiki sita kama nilivyopoteza mimi.

Nilichora ghorofa nne zimezunguka uwanja mmoja katikati, nyasi, mabenchi, miti kwenye mstari, geti moja la kuingilia. Kwenye skrini ilikuwa nzuri kweli. Nikaprinti nikaenda nayo mtaani kuonyesha, mama mmoja mkazi wa pale akaiangalia kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "Mwanangu, sasa hapa mtu akifiwa turubai tunafunga wapi?" Nikamwonyesha pale katikati. Akasema, "Hapo kwenye mabenchi? Na masufuria yanakaa wapi, wanaume wanakaa wapi, gari la maiti linapita wapi?" Geti langu lilikuwa mita moja na nusu. Sikuwa na la kumjibu, nikakunja karatasi zangu, nikamshukuru nikaondoka, na kesho yake nikaanza upya kabisa.

Sa twende hatua kwa hatua, nikiwa na maana kwamba ufuate mpangilio huu huu, usiruke.

Hatua ya 1: ingia mtaani kwa mlango wake

Chukua barua chuoni, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, onana na mwenyekiti na mtendaji, waeleze unafanya nini na useme wazi kabisa kuwa we ni mwanafunzi, hakuna mtu anayekuja kujenga wala kubomoa. Hili la kubomoa lirudie hata mara tatu kwa sababu Dar watu wameshaona alama nyekundu za X ukutani, ukitokea tu na tepu na kamera wanajua ndo yale yale. Mwenyekiti atakupa mtu wa kukutembeza, mara nyingi mjumbe, huyo ndo mwalimu wako wa kwanza. Ukifika kwa wazee toa shikamoo yako, kaa chini, kahawa ukipewa kunywa. Picha ziombe, na watoto usiwapige picha bila mzazi kukubali.

Kabla hujaenda, fungua OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni, uangalie eneo lako. Kuna kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015, wanafunzi wa vyuo vya Dar pamoja na wakazi walichora nyumba, mifereji na vichochoro vya kata zinazofurika maji, na yote ni bure. Itakuokolea siku kadhaa za kuchora msingi wa ramani ukatumia muda huo kukaa na watu.

Nenda mara nne angalau: alfajiri, mchana wa jua kali, usiku, na siku ya mvua. Ya mvua wengi wanaikwepa na ndo muhimu kuliko zote. Ukikosa mvua tafuta alama ya maji kwenye kuta, ile mistari ya rangi ya udongo, pima kutoka chini mpaka mstari ulipo, andika kwa kila nyumba. Utaona watu wenyewe wameshakuwa mainjinia, mlangoni wamejenga kizuizi cha tofali moja au mbili ambacho kila anayeingia anakiruka, na kitanda kimeinuliwa kwa matofali.

Hatua ya 2: kaa kwenye kibaraza kimoja siku nzima

Hii ndo hatua iliyonifundisha kuliko mihadhara yote. Chagua nyumba moja, omba ruhusa, kaa pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, na kila nusu saa andika nani yupo, anafanya nini, kivuli kipo wapi.

Kibaraza nilichokaa mimi kilikuwa na kimo cha sentimita 42 na upana wa 65, kimeenda urefu wote wa mbele ya nyumba isipokuwa pale mlangoni. Saa kumi na mbili mama mwenye nyumba anakaangia vitumbua pale, jiko lipo chini na beseni la unga lipo juu ya baraza, wateja wanasimama njiani. Saa mbili na nusu anaondoa kila kitu, anamwaga maji, anafagia. Saa nne jua linapiga pale hakuna mtu, ni nguo tu zimeanikwa na dagaa kwenye ungo. Saa nane kivuli kimerudi, wasichana wawili wanasukana, upana wa 65 unatosha msusi akae juu na msukwaji akae chini kwenye mkeka kati ya miguu yake, ungekuwa 40 isingewezekana. Saa kumi watoto wametoka shule wanafanyia homwek pale. Jioni wazee, kahawa, bao. Usiku vijana na simu zao, wanakaa upande ule ule wa taa ya jirani kwa sababu mwanga upo upande ule.

Yaani saruji ile ya mita sita hivi imekuwa jiko, duka, kamba ya nguo, saluni, darasa na ukumbi wa wazee ndani ya siku moja, na hakuna aliyelipia wala aliyeandika kwenye ramani kuwa hapa ni "eneo la jamii". Ukirudi kwenye meza yako ukachora ukuta umekutana na njia bila kibaraza ujue umefuta vyote hivyo kwa mstari mmoja.

Hatua ya 3: pima nyumba ya Kiswahili, chumba kwa chumba

Unaijua, pengine umekulia humo: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, nyuma uwani kuna jiko, stoo, choo na bafu. Chumba ni futi kumi kwa kumi hivi. Ichore kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50 za kweli, pamoja na vitu vyote vilivyomo, kitanda, kabati, ndoo, friji, pikipiki inayolala koridoni, kuku. Na uweke watu wanaolala humo usiku.

Halafu jiulize kwa nini nyumba hii haijafa miaka yote hii. Kwanza inajengwa kidogo kidogo, leo vyumba viwili na bati, mwakani viwili vingine. Pili inaleta kodi, mwenye nyumba anaishi chumba kimoja au viwili na vingine kapangisha, kwa hiyo nyumba inamlisha hata uzeeni. Tatu chumba cha mbele kinageuka fremu ya duka kwa kutoboa ukuta tu. Nne uwani ni faragha ya wanawake na watoto wakati barazani ni kwa wote, na korido ndo inaamua nani anafika wapi, mgeni anaishia mlangoni, jirani anaingia hadi uwani.

Na ubaya wake uandike, usiwe mshabiki. Vyumba vya pembeni vikibanwa na nyumba ya jirani vinakuwa giza na joto, choo kimoja familia tano au sita, na shimo la choo mara nyingi lipo karibu mno na mahali maji yanapochotwa. Kazi yako ni kutunza zile nne na kuondoa huu ubaya, na hapo ndo projekti ilipo.

Ukipata nauli ya boti vuka uende Michenzani, Unguja. Yale majumba marefu yalianza kupangwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamejipanga kwenye barabara mbili zinazokutana pale raundabauti. Nia ilikuwa njema kabisa, kumtoa mtu wa Ng'ambo, ule upande wa mji nje ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya udongo kumpa umeme na choo cha ndani. Lakini uwani haukupanda ngazi, baraza nayo ikabaki chini. Tembea pale chini jioni utaona watu wenyewe wameirudisha baraza, vibanda, viti, meza za biashara, mazungumzo kwenye vizingiti vya ngazi. Chora hayo waliyoongeza watu, hayo ndo masahihisho ya ramani ya kwanza na yamefanywa na wanaojua.

Hatua ya 4: chora kwa ukubwa wake halisi

Mtu ambaye hajasoma ramani ukimwonyesha plani ya 1:100, ule mchoro wa nyumba ikionekana kutoka juu, atakwambia "nzuri" kwa adabu tu. Usiridhike na hiyo nzuri. Nunua kamba na chaki, au chokaa ya kupigia mistari uwanja wa mpira, nendeni kiwanja cha shule au cha msikiti mkiruhusiwa, chora chumba chini kwa ukubwa wake, leteni kitanda na viti, watu waingie watembee.

Hili si wazo langu. Pale Kambi Moto, Huruma, Nairobi, wakazi wa kijiji kile pamoja na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa duni ya Kenya, walitengeneza mfano wa nyumba kwa vitambaa na miti, ukubwa kamili, watu wakaingia wakabishana humo kabla ya kujenga. Ujenzi ukaanza 2003, viwanja vidogo sana, msingi wa kama mita za mraba 20, nyumba inapanda juu kadri mtu anavyopata pesa.

Mi nilipofanya hivyo Tandale jiko langu la mita 1.5 kwa 2 lilikataliwa ndani ya dakika tano. Mama mmoja alileta mbuzi ya nazi akakaa nayo chini pale kwenye mistari ya chaki, miguu ikatoka nje ya "ukuta". Hakuhitaji kusema kitu. Jiko likaenda mita 2.1 kwa 2.4 na mlango wake ukafunguka kwenye korido pana iliyo wazi, kila ghorofa, ambayo ndo ikawa uwani wa juu.

Hatua ya 5: kipimo cha msiba

Hapa nakaa zaidi kwa sababu hakipo kwenye kitabu chochote nilichopewa. Arusi utaahirisha au utakodi ukumbi. Msiba hauahirishwi, na kwetu unafanyikia nyumbani. Kwa hiyo kila ukichora, fanya msiba kwenye ramani yako.

Anza ghorofa ya juu. Jeneza lipo urefu wa mita 2 na kitu, lina watu pembeni wanaolibeba. Kata karatasi ya mita 2.1 kwa 0.7 kwa skeli yako, ishushe kwenye ngazi zako kona kwa kona, usiisimamishe. Ikikwama, ngazi ni mbovu. Mi nilifika mita 1.4 upana wa ngazi na kituo cha kugeukia mita 1.6 ndo ikapita kwa heshima. Maiti inaoshwa wapi? Kama ni nyumba za Waislamu wengi, mara nyingi inaoshwa pale pale nyumbani, unahitaji sehemu ya faragha yenye maji na maji machafu yawe na pa kwenda.

Shuka chini. Kiti cha plastiki na nafasi ya miguu inakula kama nusu mita ya mraba, watu 100 ni mita za mraba 50 hadi 60 bila njia za kupita. Wanaume nje, wanawake ndani na uwani, masufuria makubwa kwenye mafiga upande ambao moshi hauendi kwa waliokaa, magunia ya mkaa, matanki ya maji. Gari liingie, ligeuke, litoke. Halafu turubai linafungwa kwenye nini? Nguzo na miti uipande kwa umbali wa turubai la mtaani kwenu, nenda kwa wanaokodisha viti na maturubai ukapime lao, usikisie.

Sehemu inayoweza kubeba msiba inabeba kila kitu kingine: maulidi, mkutano wa mtaa, shughuli, kuangalia mpira, chanjo za watoto, uchaguzi. Kwa hiyo uwanja wako uwe na sakafu ngumu sehemu kubwa, kivuli pembeni, katikati pawe wazi. Mabenchi ya chuma yaliyofungwa katikati yaache. Kivuli panda mwarobaini au mkungu, vinavumilia. Na usitengeneze uwanja mmoja mkubwa tu kama nilivyofanya mimi, zipange kama ngazi: uwani wa familia nne hadi sita, kichochoro cha nyumba kumi, uwanja wa mtaa. Kila mtu ajue anapoingia sasa yupo kwa nani.

Hatua ya 6: jua, upepo, maji

Hii haraka kidogo maana walimu watakufundisha. Dar tupo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu juu ya kichwa, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, kuta fupi ndo zipokee mashariki na magharibi. Bahati nzuri upepo nao unakubaliana, kaskazi inatoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba, kusi inakuja kutoka kusini katikati ya mwaka. Chumba kiwe na uwazi pande mbili, hata kama upande wa korido ni tofali za matundu juu ya usawa wa macho ili faragha ibaki. Dirisha moja lenye grili na nyavu upande mmoja halipitishi upepo, ni mapambo.

Maji: bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 1,000. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe halafu weka tanki na mahali pa kulikalisha toka siku ya kwanza, usije ukalibandika mwishoni. Na usiamini presha ya kufikisha maji ghorofa ya nne, wachotaji ni watoto na kina mama, kwa hiyo bomba la chini liwe na kivuli, na pa kuweka ndoo kwa kimo cha kujitwika kichwani.

Ukiinua sakafu sentimita 45 kukimbia mafuriko kumbuka ramp, ile njia ya mteremko badala ya ngazi, ya 1:12 inahitaji mita 5.4. Ipe nafasi mapema. Kibaraza chenyewe kinaweza kuwa sehemu ya ramp hiyo, mi nilifanya hivyo, bibi mwenye fimbo na muuza maji mwenye mkokoteni wakatumia njia moja.

Hatua ya 7: acha nafasi ya kuongezea, na chini pawe pa biashara

Usimalize nyumba. Najua inauma, unataka picha iliyokamilika, ila watu watakaoishi hawana pesa ya nyumba iliyokamilika. Chile, mji wa Iquique, 2004, msanifu Alejandro Aravena na timu yake ya Elemental walikuwa na kama dola 7,500 kwa kila familia, ardhi humo humo, wakajenga nusu iliyo ngumu kwa mtu kujijengea, yaani muundo, ngazi, jiko na choo, nusu nyingine wakaacha wazi familia zijaze. Zikajaza. Somo kwetu ni kuchagua nusu ipi. Fundi wa mtaani atajenga ukuta wa tofali vizuri tu, lakini msingi wa ghorofa, nguzo, slabu na mabomba usimwachie mtu abahatishe.

Chora ramani tatu za nyumba ile ile: siku ya kuhamia, mwaka wa tano, mwaka wa kumi na tano, binti ameolewa, chumba kimepangishwa. Ghorofa ya chini mbele weka fremu zenye upana wa mita 2.5 hadi 3, na mbele yake kibaraza kile kile. Na kiasi cha vyumba vya kupangisha kiwepo, maana mtaani wengi ni wapangaji na projekti nyingi za wanafunzi zinawasahau kabisa, kila kitu kinamhesabu mwenye nyumba.

Hatua ya 8: nani atafagia

Kwa kila eneo ulilolipaka rangi ya kijani andika jina la kundi litakalolitunza. Ukikosa la kuandika, lipunguze au ligawe kwa nyumba zilizo jirani. Hananasif, Kinondoni, miaka ya 90 wakazi wenyewe walijenga mifereji na barabara za mtaa wao wakilipwa kwa mikataba ya nguvukazi, mfereji uliouchimba mwenyewe unajua ukiziba ni nani amemwaga taka. Taa nazo zitoke kwenye nyumba za watu wanaoishi pale, mita ya umeme inayojulikana ni ya nani, na choo cha uwanja kiwe karibu na biashara yenye mtu muda wote. Dirisha la jiko likiangalia uwanja wa watoto, ulinzi umepatikana.

Hatua ya 9: uwasilishaji

Seksheni, yaani mchoro wa jengo kama limekatwa wima ukaona ndani, ndo mchoro wako mkuu, plani inafuata. Seksheni moja ndefu ya 1:50 kutoka uwani, kupita koridoni, barazani, njiani, mpaka baraza ya pili ng'ambo, na watu ndani yake wakifanya yale uliyoyaandika kwenye daftari kwa saa zake. Watu wachore kwa mkono, wale wa kushusha mtandaoni wenye makoti na mbwa wa kamba hawakai Tandale. Walimu wakikuuliza kwa nini kibaraza ni 65, fungua daftari uwaonyeshe saa nane mchana.

Na siku moja kabla au baada, printi A2 mbili upeleke ofisi ya mtaa, ubandike ukutani kwa ruhusa, uache penseli imefungwa kwa kamba. Ya kwangu ilikaa pale wiki mbili. Niliporudi kuichukua yule mama wa turubai alikuwa ameshapita, amechora duara kwenye kona ya uwanja karibu na bomba, pembeni kaandika kwa herufi kubwa: MASUFURIA HAPA.